Urefu na uzito wa mtoto chini ya miaka mitano: maswali yanayorudi kila siku ya kliniki

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto mkoani Iringa. Siku ya kliniki benchi hujaa kabla ya saa mbili asubuhi, na maswali mengi huwa yameshajibiwa na jirani wa kushoto kabla hayajanifikia mimi kwenye mzani. Majibu mengine ya benchi ni mazuri. Mengine ndiyo yanayoniletea watoto wakiwa wamechelewa. Nimeandika hapa maswali yale yale, karibu kwa maneno yale yale, pamoja na majibu ambayo foleni hainipi muda wa kuyamaliza.

Mwanangu ametimiza mwaka mmoja. Anatakiwa awe na kilo ngapi?

Kila mama anataka namba moja, na namba moja haipo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa kati mwenye mwaka mmoja ana kilo 9.6, lakini wavulana wazima kabisa wa umri huo wanaanzia kama kilo 7.7 hadi 12. Msichana wa kati ana kilo 8.9, na wenzake wanatawanyika kati ya kilo 7 na 11.5. Kwa hiyo watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kilo nne na wote wawili wakawa wazima.

Hizi ndizo namba za mtoto wa kati, yaani yule anayesimama katikati ya mstari ukiwapanga watoto mia kuanzia mdogo hadi mkubwa:

Kuzaliwa: mvulana kilo 3.3 na sentimita 50. Msichana kilo 3.2 na sentimita 49.
Miezi 6: mvulana kilo 7.9 na sentimita 68. Msichana kilo 7.3 na sentimita 66.
Mwaka 1: mvulana kilo 9.6 na sentimita 76. Msichana kilo 8.9 na sentimita 74.
Miaka 2: mvulana kilo 12.2 na sentimita 87. Msichana kilo 11.5 na sentimita 86.
Miaka 3: mvulana kilo 14.3 na sentimita 96. Msichana kilo 13.9 na sentimita 95.
Miaka 5: mvulana kilo 18.3 na sentimita 110. Msichana kilo 18.2 na sentimita 109.

Usizichukue kama alama za kufaulu mtihani. Kwa maana yenyewe ya neno "kati", nusu ya watoto wazima wako chini ya namba hizi.

Hivyo vipimo si vya watoto wa Kizungu? Watoto wetu wana maumbile yao.

Zamani malalamiko haya yalikuwa na haki. Vipimo vilivyotumika kwa miaka mingi vilitokana na watoto wa Marekani, wengi wao wa chupa. Ndiyo sababu kati ya mwaka 1997 na 2003 ukafanyika utafiti mkubwa katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto kama 8,500 walipimwa, wa Accra, wa Muscat, wa Oslo na kwingineko. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, ambao mama zao hawavuti sigara na nyumbani kwao kula si shida.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Ukimpa mtoto maziwa ya mama, chakula cha kutosha, chanjo na maji safi, anakua karibu sawa popote alipozaliwa. Tofauti ya urefu iliyotokana na nchi ilikuwa ndogo mno, kama asilimia 3 tu ya tofauti zote. Iliyobaki ilikuwa tofauti ya kawaida ya mtoto na mtoto ndani ya mji ule ule. Viwango hivyo vilitangazwa mwaka 2006 na ndivyo vilivyo nyuma ya mistari ya kadi unayoishika leo. Mtoto wa Mufindi akiwa mfupi kuliko mtoto wa Oslo akiwa na miaka miwili, usikimbilie kusema ni kabila. Tazama kwanza sahani yake na choo cha nyumbani.

Mimi mfupi, baba yake mfupi. Si atakuwa mfupi tu?

Atakuwa mfupi kiasi, ndiyo. Madaktari wana hesabu ya kukadiria: jumlisha urefu wa baba na wa mama, ongeza sentimita 13 kama mtoto ni wa kiume au toa 13 kama ni wa kike, kisha gawa kwa mbili. Baba wa sentimita 165 na mama wa 152 wanaweza kutarajia mtoto wa kiume wa kama 165 ukubwani, pungufu au zaidi ya hapo kwa sentimita nane hivi.

Ila hesabu hiyo ina shimo. Inachukulia kwamba wewe mwenyewe ulifikia urefu wako wote. Mama aliyedumaa utotoni kwa njaa na kuhara hana sentimita 152 kwa sababu ya kurithi. Ana 152 kwa sababu sentimita kumi nyingine zilipotea njiani. Akibeba mimba, hasa akiwa bado binti wa miaka 16 ambaye mwili wake nao unakua, mtoto huwa katika hatari ya kuzaliwa mdogo, na watu wanasema "ni ukoo wao". Mtoto mfupi wa kurithi anatembea sambamba na mstari wake kwenye kadi tangu mapema, mwezi baada ya mwezi. Mtoto anayedumaa anaanza juu kisha anateremka kutoka mstari mmoja hadi mwingine, mara nyingi kuanzia miezi sita. Ukiwa na kadi iliyojazwa, wala hatubishani.

Mtoto alizaliwa na kilo 3.2, siku ya nne ana kilo 3. Maziwa yangu hayatoshi?

Karibu kila mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo. Anapoteza maji, anatoa kinyesi kile cheusi cha kwanza, na maziwa yako ndiyo kwanza yanafunguka. Kupungua hadi asilimia 7 huwa hakututishi. Ikikaribia asilimia 10 tunakaa na mama na kutazama anavyonyonya. Wa kwako amepoteza gramu 200 katika 3,200, kama asilimia 6. Afikapo wiki mbili awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Baada ya hapo anaenda mbio: uzito unakuwa mara mbili akiwa na miezi minne hadi sita, na mara tatu karibu na mwaka.

Tafadhali, usimwongezee maji ya glukosi wala maji yoyote. Yanajaza tumbo na kumfanya anyonye kidogo, na matiti yasiponyonywa yanapunguza kazi.

Kwenye kadi nitazame nini hasa?

Tazama mstari unaelekea wapi. Kama kuna kitu kimoja ningependa ukitoe katika ukurasa huu, ni hiki.

Kadi ya namna hii inatokana na kazi ya daktari Mwingereza, David Morley, huko Imesi, Nigeria. Alitaka mama asiyejua kusoma aone kwa jicho lake mtoto anakua au hakui. Ukisikia wazee wa kazi wakisema "barabara ya afya", ndiyo hiyo: mtoto ni msafiri, mistari ni kingo za barabara.

Nukta moja haisemi kitu. Nukta tatu zinaanza kuzungumza. Mstari unaopanda sambamba na mistari iliyochapishwa, hata kama uko chini chini, ni mtoto anayekua. Mstari uliolala, miezi miwili mfululizo kilo zile zile, ni onyo hata kama bado uko ndani ya kijani, rangi ya usalama kwenye kadi. Mstari unaoshuka ni wito wa kutafuta sababu siku hiyo hiyo. Hapo ndipo tunapokosea, wazazi na wauguzi pamoja: tunaangalia rangi badala ya mwelekeo. Mtoto wa kilo 10 aliyebaki na kilo 10 kwa miezi mitatu anatoka hapa akiambiwa "yuko vizuri, kijani", na mtoto mdogo aliyepanda gramu 300 kwa uaminifu kila mwezi mama yake anagombezwa. Nimewahi kulifanya kosa hilo mwenyewe, siku ya foleni ndefu, na mama akarudi baada ya wiki sita akiwa na mtoto amelegea.

Kwa hiyo ukipewa kadi usiondoke mpaka nukta iwe imewekwa na kuunganishwa na ya mwezi uliopita. Kuandika namba pembeni bila kuchora ni kazi nusu. Uliza: "Nesi, mstari umepanda?" Una haki hiyo.

Mbona mara nyingi mnapima uzito tu?

Kwa sababu mzani ni rahisi. Mtoto anavalishwa kisuruali, ananing'inizwa, analia, umemaliza. Urefu unahitaji ubao, watu wawili na uvumilivu. Lakini kuuacha urefu kunatugharimu sana, hasa mkoa huu.

Uzito hubadilika haraka: wiki moja ya kuhara inakula kilo nzima, wiki tatu za chakula kizuri zinairudisha. Urefu ni mkongwe. Unaandika mambo ya miezi mingi, na ukishapotea haurudi kirahisi. Mtoto ambaye urefu wake uko chini sana ya umri wake tunasema amedumaa. Kwa miaka miwili mpaka huo ni kama sentimita 81 kwa mvulana na 79 kwa msichana. Kwa miaka mitano ni karibu sentimita 100 kwa wote. Udumavu mwingi unajengeka ndani ya siku 1,000, yaani tangu mimba itungwe mpaka miaka miwili, na hauhusu miguu mifupi tu. Ubongo unajengwa miezi hiyo hiyo kwa chakula hicho hicho.

Kinachowadanganya wazazi ni kwamba mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu. Amefupika na amepungua kwa pamoja, kwa hiyo anaonekana sawa sawa, kama mtoto mzuri wa mwaka mmoja na nusu. Shida ni kwamba ana miaka miwili na nusu.

Wazee mnakumbuka namna tulivyoandikishwa shule: mwalimu anakuambia upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Usipolifikia, rudi mwakani. Nikifikiria sasa, ni wangapi walirudishwa nyumbani si kwa sababu hawakutimiza umri, bali kwa sababu walidumaa, na kijiji kizima kikaamini ni wadogo?

Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa 42, kwa hiyo tumesogea. Kenya mwaka huo huo wa 2022 walikuwa asilimia 18. Lakini Iringa ilikuwa asilimia 57, na Njombe na Rukwa karibu 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Mahindi yanatoka hapa, viazi vinatoka hapa, parachichi la Njombe linapanda meli. Njaa ya ghala tupu sijaiona sana kwenye kliniki yangu. Ninachokiona ni mtoto wa miezi kumi aliyeachwa na dada yake wa miaka saba, mama yuko shambani toka alfajiri, na sufuria ya uji mwepesi ya asubuhi ndiyo hiyo hiyo ya mchana. Jioni ni ugali na mboga, wakati mtoto ameshasinzia. Watu wanapenda kuulaumu ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ulanzi una sehemu yake, lakini kazi ya mama isiyo na msaidizi ina sehemu kubwa kuliko tunavyokubali.

Mtoto bonge si ndiye mwenye afya?

Si lazima. Kipimo ni uzito ukilinganishwa na urefu wake, na ukizidi mno tunauita uzito uliozidi hata kwa mtoto wa miaka mitatu. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu akinenepa usimpunguzie kitu; akianza kutambaa na kukimbia hujinyoosha mwenyewe. Wa miaka minne anayetuzwa soda, juisi za paketi na biskuti kila akilia ni habari nyingine. Huyo usimwekee "diet". Ondoa soda, mwache acheze nje, mpe chakula cha nyumbani, urefu utaufikia uzito.

Alikuwa anakula vizuri, amefikisha mwaka mmoja na miezi anakataa. Anapungua?

Mara nyingi hapungui, anapunguza mwendo. Tazama zile namba za juu. Mwaka wa kwanza mtoto anaongeza kilo sita na sentimita 25. Mwaka wa pili kilo mbili na nusu na sentimita 12 hivi. Baada ya miaka miwili ni kama kilo mbili na sentimita sita hadi tisa kwa mwaka. Mtoto anayekua polepole anahitaji kula kidogo kuliko ulivyozoea, naye anakujulisha kwa kufunga mdomo. Pia amegundua kutembea, na kukaa chini kula ni kupoteza muda wake.

Usimbane pua na kummiminia uji. Njia hiyo inapeleka uji kwenye mapafu, na hata isipofika huko inamfundisha kuogopa bakuli. Kaa naye, mlishe kwa utulivu, mpe sahani yake mwenyewe ili ujue amekula kiasi gani, na usimpe chai ya rangi karibu na chakula maana inazuia madini ya chuma. Kati ya miezi 9 na 23 anahitaji milo mitatu hadi minne, na kitu kidogo katikati: ndizi, nusu parachichi, yai. Kama amekataa na pia amelegea, ana homa au mstari umelala, hilo ni la kuja nalo kliniki.

Nampa uji wa lishe wenye nafaka kumi na mbili, mbona haongezeki?

Ningekuwa na uwezo ningefuta huu ushindani wa idadi. Mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano ukivichanganya vyote umepata nafaka, basi. Ni kama kuoa dada watano ukidhani umepata koo tano. Kila moja ina muda wake wa kuiva, na ukitia soya ambayo haikuchemshwa au kukaangwa vizuri, tumbo la mtoto linashindwa kuimeng'enya. Karanga zikisagwa na kukaa wiki tatu kwenye ndoo zinaharibika na kuuharibu unga wote.

Halafu kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Kuichemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Anika mpaka zikauke kweli, usianike juu ya udongo mtupu, chambua punje zenye ukungu na uzitupe. Usimpe kuku pia, maana mayai na maini yake unamlisha mtoto.

Chagua nafaka moja, ulezi kwa mfano. Pika uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Hapo ndipo pa kuuongezea nguvu: maziwa, au dagaa waliosafishwa, wakakaushwa na kusagwa, au kiini cha yai, na kijiko cha mafuta au karanga iliyosagwa leo. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kama mililita 240 kwa mara moja, kikombe kimoja. Ukilijaza maji meupe umempa shibe bila chakula. Na uji hata ukiwa mzuri vipi, kuanzia miezi minane hivi asiishie hapo. Apate maharage yaliyopondwa, mchicha, samaki, chakula cha nyumbani kilicholainishwa.

Bibi anasema mtoto amebemendwa. Wengine wanasema ni kimeo.

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, wenzake wakiwa wameshaondoka. Kwa msomaji asiyelijua neno: kubemenda ni imani kwamba mzazi wa mtoto anayenyonya akitoka nje ya ndoa, kisha akamshika mtoto, mtoto anakonda na kudhoofu.

Mtoto hadhoofu kwa sababu hiyo. Ila simcheki bibi, kwa sababu macho yake yaliona kitu cha kweli. Aliona watoto wanaharibika wakati ule ule mama anapopata mimba nyingine na kumwachisha ziwa ghafla. Huko Ghana walikiona hicho hicho. Neno kwashiakoo limetoka kwa Waga wa pwani ya Ghana, na daktari Cicely Williams alilichukua miaka ya 1930 kutoka kwao: ni ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amemnyang'anya nafasi. Bibi aliona tukio sawasawa, akakosea sababu. Sababu ni kwamba maziwa yalikatika na kilichokuja badala yake ni uji wa maji.

Ubaya wa neno kubemenda ni aibu. Mama anaogopa kuleta mtoto kliniki kwa sababu benchi litamhukumu, baba anaanza kuulizana maswali na mke, na mtoto anazidi kukonda ndani. Ninaowapokea na jina hilo huwa wana utapiamlo mkali, au kifua kikuu, au virusi vya Ukimwi, au tundu kwenye moyo. Vyote vina matibabu.

Kimeo na "meno ya plastiki" nayaweka pamoja, na hapa sina lugha laini. Msimpeleke mtoto kukatwa. Kile kinyama cha kooni hakizuii kukua wala hakileti kikohozi, na "meno ya plastiki" ni meno yake halali ambayo hayajatoka. Nimeona watoto waliovuja damu. Wembe ule ule unapita midomo mingapi kwa siku?

Hajaota jino na ana miezi kumi.

Si udumavu. Meno yana ratiba yake. Akipita mwaka mmoja na nusu bila hata moja, tuulize daktari.

Amezaliwa njiti, wa miezi saba. Nimlinganishe na nani?

Mlinganishe na tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Kama aliwahi kwa miezi miwili, akiwa na miezi minane msome kwenye mstari wa miezi sita. Tunaendelea hivyo mpaka miaka miwili. Mkumbushe muuguzi kila mara, kwa sababu kadi haijui kwamba mtoto ni njiti, na nesi mgeni atakutisha bure. Mapacha nao mara nyingi huanza wadogo. Kila mmoja awe na kadi yake, na msiwashindanishe.

Ule utepe wa rangi wa mkononi unapima nini?

Unapima unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto, kwa mtoto wa miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Kuanzia sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano: ana utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, na anahitaji chakula dawa au kulazwa. Uzuri wa utepe ni kwamba mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuubeba mfukoni. Ila kumbuka, mtoto aliyedumaa anaweza kupita kwenye kijani bila tatizo.

Naweza kumpima nyumbani?

Unaweza, na ni vizuri. Uzito: panda kwenye mzani wa kusimama ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Mzani wa duka la nafaka unaweza kukupa picha, lakini usiulinganishe na wa zahanati. Kila mzani una tabia yake. Mvue nguo. Mtoto aliyetoka kunyonya na kuvaa sweta la Iringa amepata gramu mia kadhaa za uongo.

Urefu: chini ya miaka miwili tunampima amelala, na hilo liache kliniki. Kuanzia miaka miwili asimame kwenye ukuta ulionyooka, bila viatu, visigino, makalio na mgongo vigusane na ukuta, macho mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa kiwe sawa, tia alama ya penseli na tarehe. Nywele zilizosukwa mafundo juu zinaongeza hata sentimita tatu. Rudia kila baada ya miezi mitatu, si kila Jumapili. Na ukiona mtoto "amefupika" alipofikisha miaka miwili, usishtuke: kusimama kunapunguza kama milimita saba ukilinganisha na kulala.

Wakati gani nisisubiri siku ya kliniki?

Bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, si chini anapokanyagia, hesabu mpaka tatu, achia. Kama panabaki shimo miguu yote miwili, nenda hospitali leo, hata kama mzani unasema uzito ni mzuri. Uzito huo ni maji. Nenda pia kama mbavu na mifupa ya mabega imechomoza na ngozi ya makalio imelegea kama suruali kubwa, kama hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, au analala na haamshiki vizuri. Haya si ya kuulizia kwenye kundi la simu.

Ana miaka minne. Tangu sindano ya mwaka na nusu hatujarudi. Nitagombezwa?

Labda kidogo, inategemea nani yuko zamu. Wengi hupotea hapo hapo: chanjo ya pili ya surua ikishachomwa katika miezi 18, mama anaona kliniki imekwisha, na sisi hatukumweleza vizuri kwamba kupima kunaendelea mpaka miaka mitano, na matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kila miezi sita. Njoo tu. Leta kadi hata kama panya wameila pembeni, tunaweza kuhamishia kwenye mpya. Kama imepotea kabisa, tafuta tarehe halisi ya kuzaliwa. Bila umri, urefu hauna maana. Fika mapema, mvalishe nguo nyepesi za kuvua haraka, na mfungue nywele kabla hujatoka nyumbani, maana safari hii tutamsimamisha kwenye ubao.